Shavu Lililojaa Upepo

Jumatatu, 4 Machi
Jino la juu limeninyima usingizi tena. Na Ijumaa kiongozi wa bendi anachagua nani apige tarumbeta peke yake mbele ya wageni. Mimi au shemeji. Shemeji! Mtu aliyejifunza kupuliza juzi tu, tena kwa kuniibia mitindo. Mpango: kesho mzizi wa jino usafishwe, Ijumaa nimzime. Mke wangu kasema ushindani huu utanitoa roho. Anamtetea kaka yake.

Jumanne, 5 Machi
Daktari wa meno, mama mpole, kaniuliza kazi yangu. Nikasema karani. Ningetaja tarumbeta angenipiga marufuku. Mjanja mimi! Ganzi ikakolea, nikaanza kusinzia. Akakausha jino kwa mrija wa upepo. Fyuu! Shavu likaumuka. Palepale! Likapanda mpaka jicho likabaki mstari. Daktari akaangusha vyombo. Akabonyeza, ngozi ikalia kama mfuko wa nailoni. Yaani hewa imepenya kwenye mzizi, ikaingia chini ya ngozi. Mimi binadamu, si tairi! Baada ya kunipiga picha alisema hutokea kwa nadra, litanywea lenyewe, nimeze dawa. Ila nisipenge kamasi, nisipulize hata puto. Tarumbeta hakulitaja.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kaniona asubuhi, kaangusha sufuria. Shemeji kaja kunipa pole. Akaomba kubonyeza kidogo. Akabonyeza, akacheka, akaita majirani nao wabonyeze. Sijawahi kudhalilishwa hivi!

Ijumaa, 8 Machi
Naandikia wodini. Shavu lilikuwa limenywea nusu, nikajifunga kitambaa, nikajipenyeza ukumbini. Nikapuliza. Mungu wangu! Shavu likapanda, kisha shingo. Shingo! Kifungo cha kola kikaruka. Mpiga ngoma akatimua mbio. Aliyenibeba mpaka hospitali ni shemeji. Kapewa nafasi yangu bila kupuliza hata mara moja. Nimelia, sifichi.

Jumanne, 12 Machi
Nimeruhusiwa. Shavu sawa, shingo sawa. Daktari wa meno alikuja wodini, akaniapisha mbele ya mke wangu: hakuna tarumbeta mpaka aseme yeye. Nikaapa, machozi yakinilengalenga.

Mke wangu katoka. Nimejifungia bafuni, tarumbeta nimeliziba kwa taulo. Nimepuliza mara moja tu, taratibu, kupima. Sasa naandika kwa jicho moja, lile jingine limefumbwa na shavu. Lakini jamani, sauti ilivyotoka safi! Shemeji hafiki pale hata kidogo.