Mapaja Yaliyofungwa kwa Faida ya Moyo

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Katibu Tarafa, waheshimiwa watendaji mliokaa kwenye viti na mliokaa kwenye viroba vya korosho, masheikh, mapadri, na mama mwenye mbuzi tutakayemla baada ya hotuba hii (mama hapungi mkono), walimu, wakulima wa Makote, na wewe Mzee Salmini uliyelazwa hapo mbele kama kielelezo hai: itifaki imezingatiwa. Mzee, shikamoo! (Mzee Salmini: "Marahaba. Miguu inakufa ganzi.")

Ndugu wananchi, nimesimama hapa mimi Benedikto, Mratibu Mwandamizi wa Mradi wa Moyo Imara kwa Mazoezi ya Kubana Damu, nikitokea semina elekezi kule Arusha, ambako nilihudhuria kwa niaba yenu, nikala kwa niaba yenu, na maji ya bomba nikayaoga kwa niaba yenu. (Kina mama wanaguna.)

Kitaalamu, na mnifuatilie kwa karibu kwa sababu hata mimi ilibidi nirudiwe somo, mtu akifungwa utepe maalumu juu ya paja kisha akafanya zoezi jepesi, damu inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, hivyo msuli unadanganyika, umebeba kindoo lakini unajiona umebeba gunia, unakomaa. Moyo nao unapiga mbio, presha inapanda, mishipa inajifunza kutanuka, na yote hayo ni kwa muda mfupi, mbele ya mtaalamu mwenye kipimo cha presha, kisha mtu anafunguliwa. (Faidha, binti wa Mzee Salmini: "Basi mheshimiwa, nimfungue baba? Mtendaji kamfunga mpira wa baiskeli tangu asubuhi, na presha anayo!") Asifunguliwe, mama. Mtaalamu akija akakuta paja limelegea atapima nini?

Na kwa kweli hii ndiyo sera yenyewe ya soko huria, maana Serikali ilipobana ruzuku ya salfa ya mikorosho na ikabana dawa za zahanati, mlidhani mnaonewa, kumbe mlikuwa mnafungwa utepe tu ili mkomae. (Makofi kutoka kwenye viti.) Ndiyo maana hata dizeli ya pampu yenu ya maji tuliihamishia kwenye safari ya semina, kwa kutambua kwamba kina mama mnaoteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani ni wanamichezo ambao hamjasajiliwa. (Bi. Veridiana, aliyetoka kuteka maji: "Njoo ubebe na wewe ukomae!" Kicheko kirefu.) Hayo ni maoni, yatafanyiwa kazi.

Matokeo yanajieleza. Kwa makadirio ya ofisi yangu, asilimia themanini na saba nukta nne ya mioyo ya Newala imeimarika, na ya Masasi vilevile, ukiondoa Lupaso ambako gari letu halikufika, kwa hiyo mioyo ya kule bado ni ya kawaida. (Faidha: "Mheshimiwa, mguu umevimba! Namfinya hasikii!") Hiyo ni dalili njema sana. Mzee, unajisikiaje? (Mzee Salmini: "Huyo mtaalamu anakuja kwa njia gani, mwanangu? Maana mimi naona naondoka kwa nyingine." Watu hawacheki.)

Bana damu! (Watendaji: "Moyo imara!") Bana ruzuku! (Watendaji: "Wananchi imara!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mtendaji kwa kutoa mpira wa baiskeli yake, kwa kuwa tepe zenyewe hazijaagizwa. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawaandikia mara picha za leo zitakaposafishwa, maana huwezi kumwomba mfadhili mradi bila kwanza kumwonyesha mafanikio yake. Na kwa namna ya pekee namshukuru mtaalamu wetu wa moyo, popote pale alipo, ambaye nafasi yake ya kazi tutaitangaza wafadhili wakishakubali. (Faidha hasubiri. Anampokonya mchinjaji wa mbuzi kisu, anakata mpira, kwanza paja la kulia, kisha la kushoto. Damu inarudi miguuni, na Mzee Salmini anapiga ukelele huku mikono yote miwili ikiwa juu.)

Mpiga picha, umeipata hiyo? Chini yake andika: mwananchi akishangilia mradi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.