Uzinduzi wa Maabara ya Nzi, Newala

Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa unayemwakilisha Mheshimiwa aliyepata dharura, Shehe Hamudi, Kanoni Bartholomayo uliyetoka Masasi na vumbi lote hilo, walimu, wajomba, na akina baba, msijisikie vibaya, itifaki imezingatiwa! Mimi Gideoni, Mratibu Mkuu wa Projekti ya Maabara ya Nzi wa Matunda, nasema shikamooni wakubwa! (Marahaba!)

Ndugu zangu, kwa mujibu wa fremuweki ya utekelezaji, nzi wetu wameongezeka kwa asilimia mia nne (makofi), na nimegundua, mimi mwenyewe, kwamba jike mwenye macho meupe akipandwa na dume mwenye macho mekundu, watoto wa kiume wote mia mbili na kumi na nne huchukua macho meupe ya mama yao, na wa kike wote huwa na mekundu! (Vigelegele. Mjomba mmoja anasimama: "Si ndiyo tunayosema siku zote? Mtoto ni wa ukoo wa mama!") Kaa, mjomba, kaa, umeshinda kisayansi!

Tena jeni ya macho na jeni ya mabawa zinakaa kromosomu moja, ila yai linapotengenezwa huweza kubadilishana viti. Zilizo jirani husafiri pamoja, zilizo mbali huachana, sawasawa na sisi watumishi kwenye uhamisho, maana mimi nilikaa karibu na bosi! (Vicheko.) Ushahidi ni daftari hili! (Sauti ya binti: "Mheshimiwa, hilo langu! Nalikabidhi kesho kwa wasahihishaji wa mtihani!") Tulia, Anjelina, muda wa maswali utafika. Ifikapo robo ya pili kila kaya itapata hadubini, na maji yatafuata! (Kicheko kirefu.)

Nzi kwanza! (Nzi kwanza!) Macho meupe! (Juu!)

Nimshukuru Mzee Nurdin kwa kutuazima banda la korosho tulilolikatia utepe. Anaomba tutoke, magunia yanaingia saa kumi. Niwashukuru mafundi, tutakaowatafuta tukishapata kiwanja. Niwashukuru nzi, waliojileta wenyewe kwenye mabibo yaliyooza. Na kwa namna ya pekee nikushukuru wewe Anjelina wa Kidato cha Sita, uliyewafuga vizazi vinne kwenye chupa za maji nyuma ya bweni, ukawahesabu mmoja mmoja. Daftari naondoka nalo, kwa sababu ripoti yangu haina kitu kingine. Wasahihishaji wakikuuliza, waambie waje walisome maabara, ikishajengwa.