Ombi la Kumfelisha Golikipa wa Chuo

Chuo cha Ualimu Ipandikilo,
Sumbawanga.
22 Novemba 1980

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,
Rukwa.

Yah: UFAULU WA NDUGU ZENON, GOLIKIPA, KATIKA MTIHANI WA HISABATI

Ndugu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiamini u mzima na mvua hizi hazijakuzuia kufika kazini. Nasi huku tungekuwa wazima, ila tumepatwa na jambo. Mwanachuo wetu Zenon amefaulu Hisabati.

Utashangaa kwa nini hilo liitwe jambo, kwa hiyo nijieleze. Mimi ni mkufunzi wa Siasa, tena Mwenyekiti wa Kamati ya Wakufunzi ya Kusimamia Uhusiano wa Michezo na Masomo. Kamati iliundwa miaka mitatu iliyopita, baada ya kubainika kuwa wachezaji wetu wanaupa ubao kisogo. Tukatunga sheria moja tu, lakini kali: mchezaji akifeli somo lolote haondoki chuoni, atarudia mwaka mpaka afaulu. Nia ilikuwa kuyalinda masomo. Mwaka uleule golikipa wetu Zenon akafeli Hisabati, akarudia mwaka, akabaki golini. Akafeli tena, akabaki tena. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Hapo Kamati ikatambua kwamba sheria yake ni nzuri kuliko ilivyodhani.

Sasa sheria hiyo imehujumiwa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mkufunzi wa Hisabati, Dada Tusekile, amemfundisha Zenon mpaka akaelewa. Alikuwa akimfuata uwanjani jioni, anamchorea pembe kwa chokaa ya kupigia mistari, anamfundisha wastani kwa kuhesabu magoli. Chokaa ile ni mali ya michezo. Wala hakuomba kibali cha Kamati, ilhali yeye mwenyewe ndiye katibu, na angeweza kujiandikia.

2. Ufaulu wenyewe si wa kubahatisha, na hilo ndilo linalotutia hofu. Alipata sabini na moja. Kamati, kwa kutenda haki, ikampa mtihani wa pili. Akapata sabini na nane. Tukampa wa tatu siku ya mvua, katika darasa linalovuja, tukiwa tumemnyang'anya rula. Akapata themanini na nne. Tuliishia hapo, maana tuliona tukiendelea tutamfikisha mia.

3. Tarehe tisa Desemba, siku ya Uhuru, tunacheza na wenzetu wa Mbeya hapa Sumbawanga. Mimi ni mtu wa Rungwe, hukohuko Mbeya, na shemeji zangu wako upande ule. Kila baada ya mechi huniandikia barua ya kunipa pole, na barua zenyewe huzisomea chooni ili mke wangu asinione uso. Bila Zenon nitaandikiwa nini? Huyu ni golikipa wa kutazamwa. Akijirusha, watu wa mtaa wa Katandala hufunga maduka waje kuona. Hata mpira ukienda kulia na yeye akarukia kushoto, makofi hupigwa, kwa namna alivyoruka. Kombe tumelikosa mara tatu, ni kweli, lakini mara zote tatu ilikuwa bahati mbaya.

4. Kuna suala la Elimu ya Kujitegemea. Unajua kilimo cha huku Ufipa ni cha kuzika nyasi katika matuta ya mviringo, kazi inayovunja mgongo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za vikao vyetu, kila mpira anaodaka Zenon huhesabiwa sawa na matuta kumi. Kwa njia hiyo amelima ekari nyingi bila kushika jembe, na katika taarifa tulizokuletea chuo chetu kimeongoza kwa kilimo miaka miwili mfululizo. Zenon akiondoka, itabidi tulime.

5. Ugonjwa umeanza kuambukiza. Nahodha alipoulizwa kwa nini kachelewa mazoezini alijibu kwamba alikuwa maktaba, bila haya. Mawinga wote wawili wameonekana na vitabu. Hawa wakifaulu wataondoka, chuo kibaki na masomo matupu. Je, Kamati ya kusimamia uhusiano itasimamia uhusiano wa nini na nini?

6. La mwisho ni la ubinadamu. Mama yake Zenon, Bibi Bertilla, ni mkulima wa ulezi huko Kaengesa. Kila mahafali huja kwa miguu, amebeba jogoo wa kuwashukuru walimu. Mara tatu amefika, mara tatu tumemweleza kwamba mwanawe bado anahitajika. Jogoo tulipokea, maana kumrudisha mgeni na zawadi yake si adabu. Mwaka jana nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza hiyo Hisabati ina urefu gani hata haiishi. Akiona sasa imeisha ghafla, atajua iliwezekana tangu zamani. Kamati isingependa kumuumiza mama wa watu.

Kwa hayo, tunaomba ufaulu huu ufutwe. Ikishindikana, lianzishwe somo jipya ambalo Zenon hajapata kulisikia, tumfelishe kwa utaratibu. Hilo nalo likishindikana, Dada Tusekile ahamishiwe Kasanga, ambako mpira ukipigwa vibaya huishia ziwani, akose uwanja wa kufundishia.

Nisalimie karani wako, tarishi, mlinzi wa lango na jamaa wote wa nyumbani, hasa wale wanaopenda michezo.

Ni mimi, ninayesimama upande wa masomo,

Andwele Nsajigwa
Mwenyekiti wa Kamati

N.B. Karatasi za kaboni zimeadimika, hivyo nilimpa Zenon barua hii ainakili, kwa kuwa mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote hapa chuoni. Ameinakili bila kuacha neno, hata pale panapomtaja mama yake. Kisha ameambatanisha karatasi ya hesabu. Katika miaka mitatu ya kurudia amecheza mechi ishirini na moja, akafungwa magoli sitini na matatu: wastani, matatu kila mechi. Modesti, golikipa wetu wa akiba, alisimama mara nne Zenon alipougua malaria, akafungwa mawili: wastani, nusu goli. Nimeirudia hesabu hiyo kwa vidole, nikairudia kwa kokoto. Ni sahihi. Hakuna mwanakamati aliyewahi kuhesabu. Sote tulikuwa tunapiga makofi. Kwa miaka mitatu tumemzuia kijana wa watu asiende kufundisha, ili abaki kutufungisha. Nimeona aibu, nami nasema wazi. Bibi Bertilla yuko hapa nje, amekuja na jogoo wa nne, na safari hii sijui nitampokea kwa mkono upi. Tafadhali, Ndugu Afisa, uyafute yote niliyoandika, uache sentensi moja tu ya aya ya kwanza: mwanachuo wetu Zenon amefaulu Hisabati.