Sare Isiyo na Mifuko

Gaudens hakuwa mtu wa kanisani, ila harusini hakosi, hasa zile ambazo hakualikwa. Jumamosi moja, kwenye ukumbi mmoja wa Yombo, alikuwa anakula pilau ya watu kwa utulivu wa shemeji ndipo alipomwona mzee mmoja mfupi akiinuliwa meza ya nyuma na kupelekwa meza kuu. Mshereheshaji alitangaza kwamba leo tunaye Mhujaji, mtu aliyeikanyaga Yerusalemu kwa miguu yake mwenyewe. Ukumbi mzima ukasimama. Mzee akapewa soda mbili, akaombwa aibariki keki, na kina mama wawili wakawa wanampepea kwa kadi za mwaliko.

Gaudens aliacha kutafuna. Saa tatu nzima aliangalia, na katika saa hizo hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule mzee aliona nini huko. Kumbe watu hawataki kwenda, akajiambia, watu wanataka kuwa wamerudi. Na mtu anayetaka kuwa amerudi hatauliza sana habari za kwenda.

Kila mja na riziki yake, na ya Gaudens ilikuwa mdomoni. Katika miaka yake kumi na miwili ya Dar aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, nao wakaja kuwa marafiki mahakamani. Lakini kila Desemba, wenzake wa Bukoba wakirudi kwao na magari, yeye alikuwa anapiga simu kusema kazi zimembana. Nyumbani walimjua kuwa ni meneja. Mama yake hakuwahi kumuuliza meneja wa nini, na huko kutoulizwa kulimchoma kuliko maswali. Mwaka huu aliapa atarudi na kitu mkononi.

Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya kanisa moja dogo la hukohuko Yombo, suti imepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na vipeperushi vya ziara ya siku kumi: Bethlehemu, Nazareti, Bahari ya Galilaya, Yerusalemu. Bei ilikuwa nusu ya wanayotoza wengine. Hakumwomba mtu ajiandikishe. Alisema kwa huzuni kwamba nafasi ni tatu tu, na mbili tayari zina wenyewe. Kabla ya sadaka ya pili zote tatu zilikuwa zimechukuliwa.

Wa kwanza alikuwa Mzee Deogratias, wakala wa forodha mstaafu wa Kurasini, aliyegombea uzee wa kanisa mara mbili na mara mbili akaangushwa na watu wasiojua hata kufunga tai. Wa pili, Mama Bernadeta, muuza vitenge: mwenyekiti wa kina mama alikuwa amefika Misri, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Wa tatu alikuwa Bibi Auleria, mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, mpole, msikilizaji kiasi kwamba Gaudens alijikuta amemtajia mama yake wa Bukoba. Huyu hakutaka cheo. Alitaka kuuona ukuta wa Yerusalemu kabla hajafa, na pasipoti alikuwa nayo. Gaudens alipomuuliza aliipata lini, alijibu tu kwamba safari hii ameianza siku nyingi.

Kikwazo kilikuwa Deogratias. Miaka thelathini ya bandarini ilikuwa imemwachia pua.

"Muhuri feki mie nausikia harufu, kijana," alimwambia. "Niletee viza moja halali, moja tu, niishike. Pesa utaziona jioni hiyohiyo."

Gaudens aliumia, maana vitu halali vilikuwa nje ya fani yake. Lakini samaki havuliwi bila chambo. Akaenda kwa wakala mmoja mwaminifu wa mjini, akalipia kielelezo kimoja cha kweli kwa jina la Bibi Auleria: viza ya kweli, tiketi ya kweli, na nafasi ya kweli kwenye msafara wa mahujaji ambao wangempokea hukohuko. Alimchagua yeye kwa hesabu zake. Bibi anayeshikwa mkono kuvuka Barabara ya Mandela hawezi kuivuka Bahari ya Shamu peke yake, na tiketi ingerudishwa baadaye. Deogratias aliinusa ile viza, akaipangusa kwa kidole, akaipindua kwenye mwanga, akatoa pesa, na hati zikabaki kwa bibi. Za wengine, Gaudens akaeleza, zitatoka kwa pamoja na watazipokea uwanja wa ndege.

Uwanjani ndiko alikopanga kuyeyuka. Angewaacha wanasubiri viza, apite mlango mwingine, jioni awe ndani ya basi la Bukoba. Wangefanya nini? Mtu aliyesindikizwa na matarumbeta hawezi kurudi nyumbani siku ileile na begi lake kusema ametapeliwa. Angejificha siku kumi kwa shangazi yake Chanika na kufa na siri. Askari wa Gaudens walikuwa aibu za watu, nao hawadai mshahara.

Usharika wote ukachangamka. Waliobaki waliagiza maji ya Yordani, mafuta, misalaba ya mzeituni, na kwa kuwa ni watu wa heshima walilipa kabla. Tena wakaandika maombi yao kwenye vikaratasi ili yaingizwe ukutani Yerusalemu, yakatiwa katika mfuko wa kitenge atakaouvaa shingoni mhujaji mkubwa kwa umri. Kiongozi naye akaombwa aandike. Gaudens alishika kalamu mbele ya watu, akatetemesha mkono kidogo kwa ajili ya heshima, akaandika: Bwana, ifanikishe safari hii, nirudi nyumbani mikono isiwe mitupu. Mchungaji Brightson aliisoma kwa sauti na kina mama wakafuta machozi. Ilikuwa sentensi pekee ya kweli aliyoitoa tangu aingie kanisani humo.

Siku ya kuondoka, mchungaji alikuwa na zawadi yake: sare. Katika chumba cha nyuma ya madhabahu, Fundi Nassibu alimletea Gaudens shati na suruali za kitenge cheupe, na makubazi. Gaudens alivua suti, akavaa, na kabla hajafunga kifungo cha mwisho vijana wa kwaya walishapita wakabeba suti, viatu na mkoba wake kuvipakia kwenye gari la kanisa. Akabaki amesimama na kifurushi cha noti za elfu kumi mkononi, kinene kama mkate, akijipapasa mapaja.

"Fundi, mifuko iko wapi?"

"Haipo." Nassibu alikuwa na pini mdomoni. "Mchungaji kasema wanafunzi walitumwa bila mfuko wala mkoba. Mie nikamwambia hata kamoja tu, ka simu. Akakataa."

Nje matarumbeta yalianza. Mlango uligongwa. Kwenye msumari ukutani ulining'inia ule mfuko wa maombi, na Gaudens alipouona alimshukuru Mungu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Nani atatia mkono kwenye barua za Mungu? Akakizamisha kifurushi chini kabisa, akakifunika kwa shida za watu, akafungua mlango akitabasamu. Bibi Auleria aliingia, akauvaa mfuko shingoni, akasimama kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akatoka.

Uwanjani waliimbiwa, wakaombewa, wakarushiwa maua ya plastiki, na gari la kanisa likaondoka. Gaudens alimsogelea bibi haraka.

"Bibi, nipe huo mfuko nikusaidie. Utakuchosha."

"Maombi ya watu hayabebwi kwa zamu, mwanangu," alisema, akajiunga na foleni.

Alitoa pasipoti. Alitoa tiketi. Mlinzi wa mlangoni akamwamkia shikamoo na kumpisha. Gaudens akafuata mbiombio, na mlinzi yuleyule akanyoosha mkono.

"Tiketi, kaka."

Hakuwa nayo. Tiketi ilikuwa moja tu, na ilikuwa inatembea ndani taratibu na gauni jeupe. Kupitia kioo alimwona bibi akisimama kwenye dirisha la kubadilishia fedha. Alifungua mfuko, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatulia. Halafu aligeuka na kumpungia mkono, kwa upendo kabisa, kama mtu anayeaga mjukuu.

Gaudens hakuwahi kulia hadharani, lakini siku hiyo machozi yalimtoka yenyewe. Mkono mzito ukamshika bega. Ulikuwa wa Mzee Deogratias, ambaye alikuwa ameshaelewa kila kitu, na nyuma yake Mama Bernadeta alikuwa anavua makubazi ili awe na cha kupigia.

Hawakumpeleka polisi, kwa sababu ileile aliyoitegemea mwenyewe. Walimpeleka Ukonga, kwenye nyumba ya Deogratias iliyokuwa haina mpangaji, wakafunga mapazia. Deogratias alichukua kitambulisho chake, akamwonyesha kwa mbali ukuta wa gereza, akasema kila asubuhi atauonyesha tena. Hakuhitaji. Gaudens asingekimbia hata kama mlango ungeachwa wazi, maana pesa zake zote zilikuwa kwenye ule mfuko, na mfuko ungerudi siku ya kumi. Tena mji mzima ulijua yuko Yerusalemu. Akatokee wapi?

Basi mtapeli akawa mpishi. Alisonga ugali, akafua sare tatu, akatandika vitanda, na ndege zilipopita juu ya bati wote watatu waliangalia dari.

Jioni ya pili simu ya Bernadeta ililia. Kwenye kundi la WhatsApp la usharika kulikuwa na picha: Bibi Auleria Bethlehemu, amesimama wima, mfuko shingoni. Watu wakauliza wenzake wako wapi. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, ile sauti ya taratibu ya mkunga.

"Wenzangu wazima kabisa. Mama Bernadeta kapata mafua kidogo. Kiongozi wetu Gaudens ndiye anayenipiga picha, kijana ana moyo huyo."

Deogratias na Bernadeta wakatazamana. Taratibu Bernadeta akajibu kundini kwamba mafua yanaendelea vizuri, Bwana asifiwe.

Tangu hapo kila jioni walikaa mkekani wakisubiri. Bibi aliwasimulia Nazareti na harufu ya mikate yake. Aliwasimulia Galilaya, kwamba ni ndogo, ng'ambo unaiona, akashangaa kwamba katika maji madogo vile watu waliogopa dhoruba. Deogratias aliandika yote kwenye daftari kwa ajili ya ushuhuda. Siku ya saba bibi alifika ukutani. Alisema aliingiza kikaratasi kimoja kimoja, saa mbili nzima, na kwamba wengine anawajua watoto wao kwa kuwa aliwazalisha mwenyewe. Gaudens alikuwa anachambua mchele. Aliacha, akasikiliza mpaka mwisho, na akaona haya, haya ya kweli, ambayo hakujua la kufanya nayo. Akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kisha usharika ukatangaza kwamba utawapokea uwanjani kwa matarumbeta. Nyumbani Ukonga chakula hakikulika. Mtu anatokaje mlango wa wanaowasili bila kuwasili? Usiku huo ulikuja ujumbe kwa Bernadeta peke yake: Vaeni sare. Kaeni karibu na wauza laini za simu. Nikianza kuomba, njooni.

Siku ya kumi, alasiri, Bibi Auleria alitoka akisukuma toroli lenye masanduku mawili makubwa. Tarumbeta zililia, kina mama wakapiga vigelegele, na Mchungaji Brightson akanyoosha shingo kuwatafuta wengine. Bibi akainua mikono yote miwili.

"Kabla ya yote, watu wa Mungu, tufumbe macho tumshukuru."

Watu wote wakafumba, hadi mpiga ngoma. Aliomba kwa kirefu. Aliwaombea rubani, mvua, na serikali, huku nguo tatu nyeupe zikipita kwa unyenyekevu nyuma ya migongo ya kwaya na kuzunguka toroli. Aliposema Amina na macho kufumbuka, mahujaji walikuwa wanne. Deogratias alikuwa tayari ameweka mkono kifuani. Jumapili iliyofuata alipewa uzee wa kanisa bila kupigiwa kura, na mwenyekiti wa kina mama alimpisha Bernadeta kiti.

Pale uwanjani, katikati ya kukumbatiwa, Gaudens alimfikia bibi, akanong'ona.

"Shikamoo, bibi. Ule mzigo?"

"Marahaba. Uko humu." Alipiga sanduku kofi. "Maji ya kila mtu, mafuta ya kila mtu, misalaba. Si walikulipa? Pesa nyingine nilikula na kulalia, na zilizobaki nitampa mchungaji, anunue bati za kanisa."

"Ulijuaje?"

"Maombi hayawi mazito vile, mwanangu." Aliweka vizuri kilemba chake. "Nimeliwa pesa mara mbili na watu wa safari hii. Wa kwanza alikuwa na suti nzuri kuliko yako. Ya tatu nikasema wacha nitangulie mimi."

Alifungua mfuko wa kitenge. Ulikuwa mtupu, ila kikaratasi kimoja, chupa moja ndogo ya maji, na msalaba wa mti usiozidi kidole. Gaudens aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Sala hii sikuiacha ukutani," alisema bibi. "Niliona itajibiwa tu, ingechukua bure nafasi ya mwenye shida. Safari imefanikiwa. Na hivi mpelekee mama yako Bukoba, umwambie umemletea."

Gaudens, aliyelishwa na mdomo miaka kumi na miwili, alivipokea kwa mikono miwili. Alitafuta mahali pa kuvitia vile vitu viwili, akakumbuka kwamba sare haina mifuko. Akavishika mkononi. Mchungaji Brightson akaja, akamkumbatia, akamwambia kwa furaha kwamba wa mwakani wameshajiandikisha arobaini, mweka hazina ni Bibi Auleria, na kiongozi ni yeye, wamekubaliana.

Kisha bibi akamwonyesha yale masanduku kwa kidevu, na Gaudens akayabeba yote mawili mpaka kwenye gari, chupa na msalaba vikiwa vimebanwa kati ya kiganja na mpini.

Desemba hiyo alipanda basi.