Maganda Mafupi ya Hobart Lilly

Jumanne, 14 Novemba

Mimi ndiye mkata maganda ya risasi hodari kuliko wote katika bonde hili, na West Virginia nzima inajua.

Sawa. Sijawahi kukata hata moja. Lakini nilishasema nimekata, tena mbele ya watu, kwenye karamu ya maharage ya kuchangia kikosi cha zimamoto. Maneno ya mzee si meno ya bandia. Yakishatoka huyarudishi mdomoni.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu Raelynn, muuguzi wa hospitali ya kaunti, Jumatatu anaingia msituni kuwinda paa kwa mara ya kwanza. Bunduki yake inakula risasi fupi, nono, na duka la Thurman limeishiwa. Lakini kwenye uwanja wa shabaha maganda marefu matupu yamejaa kama maganda ya karanga uwanjani pa mpira. Ukikata shingo na bega, ukaunda mdomo upya, unapata ganda fupi la kujazia baruti na ncha mpya. Kujaza najua tangu sina ndevu. Kukata ndiko kugeni kwangu.

Shemeji yangu Clovis Bragg, kaka wa mke wangu Imogene, akajitolea kumtengenezea hata kabla hajameza. Kila mwaka yeye! Picha ya paa wa kwanza wa mwindaji mpya hubandikwa dukani kwa Thurman, na chini yake huandikwa mwindaji na aliyemtengenezea risasi. Miaka mitatu mfululizo: Bragg, Bragg, Bragg. Kama tangazo la dawa ya chawa.

Nikasimama na kijiko changu. Nikasema damu yangu haitaingia msituni na risasi za Bragg. Raelynn akacheka, akasema haya basi, atakayemletea boksi zuri Jumapili baada ya ibada, jina lake ndilo litakalokwenda ukutani. Clovis akaniambia, "Shemeji, wewe hata mkate unakushinda kukata." Watu wakacheka mpaka mchungaji akapaliwa.

Tutaona.

Jumatano, 15 Novemba

Sina msumeno. Sina hata jiliwa ya kubania ganda. Clovis aliiazima kabla ya mafuriko ya miaka ile na mpaka leo anasema "nakaribia kumaliza".

Lakini akili ninayo! Nimechukua kisu cha umeme ambacho Imogene hukatia bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Kikanguruma vizuri sana. Kikaling'arisha ganda. Kisha meno yake yakaisha yote, na ganda likabaki zima, linapendeza kuliko lilivyokuwa. Nimekirudisha kwenye boksi lake na kufunga utepe.

Mchana nikaenda kumpeleleza Clovis. Nikajibanza nyuma ya gereji yake, nikachungulia dirishani. Ndani pale, juu ya gogo, kasimamisha ganda moja dogo, na mbele yake msumeno mkubwa wa kuangushia miti! Clovis mwenyewe ameketi anakunywa kahawa, ananipungia mkono. Akanifungulia mlango, akanong'ona kwamba hiyo ndiyo siri yake, nisimwambie mtu.

Najua alikuwa ananichezea. Niliwaza tu kidogo kama ingewezekana.

Nilipokuwa naondoka, ganda lake moja lililokwisha kukatwa liliniingia mfukoni. Mifuko yangu ni mipana.

Alhamisi, 16 Novemba

Mjini, duka la vifaa. Muuzaji ni binti wa binamu ya Clovis. Katika kaunti hii ukitaka mtu asiye binamu wa Clovis inabidi uvuke jimbo.

Kulikuwa na msumeno wa upanga mrefu: nikauona ni wa mafundi wa mabomba, watu wasio na haraka. Kulikuwa na wa mezani wenye meno makubwa: ungeniachia shaba na kuchukua vidole. Halafu nikauona wenyewe. Mwekundu, mdogo, diski yake kama sahani ya chai. Unashusha mkono, diski inateremka, shaba inakatika. Na sifa iliyo kubwa kuliko zote: unaingia chini ya koti.

Yule binti akauliza nakata nini. Ningeisema kweli, Clovis angeijua kabla sijawasha gari. Nikasema natengeneza filimbi. Filimbi za shaba.

Akasema hakujua kama mimi ni mtu wa muziki. Nikasema wengi hawajui.

Ijumaa, 17 Novemba

Siku ya utukufu!

Imogene alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo meza ya jikoni ikawa karakana. Nikatoboa tundu katika kipande cha mwaloni, ganda likae humo bila kucheza. Nikapigilia kizuizi nyuma yake ili yote yakatike urefu mmoja. Urefu nikaupima kwa ganda la Clovis, nikachora alama, nikaileta diski mpaka juu ya alama, bila kukosea hata unywele. Macho nikayakinga kwa miwani ya kuogelea ya Raelynn.

Zzzip! Zzzip! Shingo zinaruka, maganda yanadondoka, mafupi, mazuri, yote sawa kama wanakwaya. Nilikuwa naimba. Nilikata ndoo nzima bila kusimama kupima, maana fundi anayesimamasimama ni fundi mwenye wasiwasi.

Niliacha shule darasa la nane, na shule haikulalamika. Lakini ningependa yule mwalimu wa hesabu aione ndoo hii.

Imogene amerudi. Ameng'ata mkate akakuta unang'aa kwa vumbi la shaba. Akauliza hicho ni nini. Nikasema ni madini, yanasaidia mifupa. Nalala kwenye kochi.

Jumamosi, 18 Novemba

Ole wangu.

Leo nilikaa kujaza. Nikaliweka ganda langu kando ya lile la Clovis. Langu fupi. La pili, fupi. Nikaimwaga ndoo yote mezani. Yote mafupi, kwa unene wa kucha, na yote kwa usawa wa ajabu. Sijawahi kuona kosa lililonyooka hivyo. Ncha ya risasi ukiiweka haishikiki. Inalala kama mlevi begani mwa mwenzake.

Diski ina unene! Inakula upana wake! Niliiweka upande wa ndani wa alama badala ya upande wa nje, na kwa kila ganda ikajilipa kidogo. Nani alijua? Hakuna aliyeniambia. Imogene anasema iliandikwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha msumeno, kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza niliwashia jiko.

Maganda mengine marefu hayapo. Nimekwenda uwanjani: Clovis ameshafagia yote.

Sasa Raelynn atawinda na risasi za Bragg, na Bragg atakaa ukutani mwaka wa nne. Nilipuliza juu ya mdomo wa ganda moja kwa huzuni. Likapiga mluzi mkali hata mbwa akaingia chini ya kitanda.

Jumapili, 19 Novemba

Habari za filimbi zimefika kanisani. Mke wa mchungaji akaniita mbele, eti ndugu Lilly atatupigia filimbi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kanisa zima likageuka. Clovis alikuwa amekunja mikono, anameremeta.

Nikatoa ganda mfukoni. Nikapuliza. Ulikuwa mluzi mmoja tu, maana ganda halina wa pili. Mama mmoja mzee akasema Amina.

Nje, Clovis akamkabidhi Raelynn boksi lake la risasi, kila moja imekaa kama yai. Akaniuliza langu liko wapi. Nikasema langu halijakauka. "Rangi?" akauliza. "Au machozi, shemeji?"

Raelynn hakucheka. Akanishika mkono, akaomba ganda lile la mluzi, akasema babu, nipe hilo nitembee nalo. Nikampa. Nikakohoa kidogo. Ni vumbi la shaba.

Jumatatu, 20 Novemba

AMEPATA! Dume, pembe kubwa kama kiti cha kubembea!

Anasimulia hivi. Paa alipita akitembea, haraka, nyuma ya miti, na paa anayetembea humpigi. Kila mwindaji hapa hujua kumtolea sauti ili asimame. Wengine hulia kama mwanakondoo. Raelynn alikuwa na koo kavu kwa hofu, sauti haikutoka. Akakumbuka ganda. Akapuliza mluzi. Paa akasimama kama aliyeitwa kwa jina, akainua kichwa, akabaki hivyo. Akampiga, akaanguka palepale.

Nimemwuliza arudie sehemu ya mluzi. Amerudia. Nimemwomba airudie mbele ya Clovis. Amerudia. Clovis akasema risasi ilikuwa yake. Nikamwuliza risasi yake ingempata nani, mti?

Dukani kwa Thurman, picha imebandikwa: Raelynn Lilly. Risasi: Clovis Bragg. Nikaomba kalamu. Thurman akasema hakuna desturi hiyo. Nikamwambia desturi zote zilianzwa na mzee mmoja mwenye kalamu. Sasa chini yake pameandikwa: Aliyemsimamisha paa: Hobart Lilly. Herufi zangu ni kubwa kidogo kuliko zao. Mkono wangu ndivyo ulivyo.

Alhamisi, 23 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Imogene alifungua utepe wa kisu chake mbele ya ukoo wote. Kikanguruma. Kikampapasa bata mzinga. Imogene akatazama meno yasiyokuwepo, kisha akanitazama mimi.

Nikamwambia asihuzunike. Nikafungua koti, nikautoa msumeno mwekundu. Raelynn akasema babu, hapana. Lakini fundi hupimwa siku ya shida! Nikapima kwa jicho, nikashusha mkono. Zzzip! Paja moja likaruka meza nzima likatua mapajani mwa Clovis. Kusema kweli, alikuwa ameomba paja.

Nimekwisha tangaza kwamba kufikia msimu ujao kila mwindaji wa kaunti atakuwa na filimbi ya Lilly. Hakuna mtengeneza filimbi anayenikaribia. Kizuizi kile kile, alama ile ile, sijasogeza kitu. Nimenunua diski nene zaidi, ili kazi iende mbio. Kijitabu chake kimewasha jiko vizuri sana.

Clovis, najua dada yako Imogene anakusomea daftari hili kwenye simu. Sitaki pongezi. Nirudishie tu jiliwa yangu. Nina ndoo ya pili, ya maganda ya wiki hii uwanjani, inangoja.