Bastola Inavuta Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Nina hasira. Nimekula chakula cha pamoja kanisani na sikusikia ladha ya kitu chochote, hata pai ya mke wangu Nadine. Garland Hatcher, shemasi wetu na mkuu wa kikosi cha mlango, kasimama baada ya ibada na kutangaza kwamba walinzi wote wa kanisa watapimwa shabaha. Jumamosi ya tarehe kumi na tano, kwenye uwanja wa shabaha wa Mama Pruitt. Atakayeshindwa hatabeba bastola mlangoni tena. Atakaa kwenye benchi kama waumini wengine.

Kama waumini wengine! Mimi nimesimama mlango wa mashariki tangu kikosi kilipoanzishwa. Nina kifaa cha sikioni. Watoto wa Shule ya Jumapili wananiita Kapteni. Kazini, ninakouza mashine za kukata majani, hakuna anayeniita lolote isipokuwa bosi, naye huniita "wewe". Mlango ule ndio mahali pekee katika Oklahoma nzima ambapo mtu hufurahi kuniona nimesimama.

Na aliposema "atakayeshindwa", Garland alinitazama mimi. Si Ndugu Leroy mwenye macho mabovu. Mimi.

Ni kweli, risasi zangu huenda chini, kushoto. Zote. Hukusanyika pale pembeni kama kuku waliokimbia mvua. Lakini kosa si langu. Bastola yenyewe imepinda. Inavuta kushoto. Nilimweleza Nadine jambo hili njia nzima ya kurudi nyumbani. Alikuwa anaendesha. Akasema mh.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeenda kwa Mama Pruitt kubadilisha bastola. Alikuwa naibu wa sherifu zamani, sasa ana duka la silaha mbele na uwanja wa shabaha nyuma, na bado anamtazama kila mteja kana kwamba ana kesi. Aliichukua bastola yangu, akaifungua, akachungulia ndani ya mtutu, akaniambia haina kasoro.

Nikamwambia imepinda. Akasema silaha ya kujilindia ni kama kiatu: hununui kinachopendeza dirishani, unanunua kinachokaa mguuni, tena ambacho utakubali kukivaa kila wiki. Ukiogopa kuja nayo mazoezini, hiyo si kinga, ni pambo. Nikamwambia sikuja kununua viatu. Akasema, "Haya bwana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

Nilichagua bastola kubwa kuliko zote kabatini, ya risasi nene, ambayo ukiiweka mezani meza inajua. Alinionya kwamba ina mateke ikifyatuliwa. Nikasema hata mimi ninayo.

Nani alikuwa amesimama pale ananunua mafuta ya kusafishia? Garland. Akaniambia kwa ule upole wake wa kishemasi, "Ndugu Verlin, mlango wa kanisa hauhitaji mzinga." Nilitabasamu. Meno bado yananiuma.

Alhamisi, 6 Machi

Alhamisi ni siku ya mazoezi. Huwa Nadine anakuja nami, anakaa dukani na kitambaa chake cha kufuma, anapiga soga na Mama Pruitt. Leo aliomba miwani na vifunika masikio akaingia ndani. Nikamuuliza anataka nini. Akasema kitambaa kimeisha.

Hiyo bastola kubwa ni takataka! Inaruka mkononi kama kambare aliyetoka majini. Na risasi je? Chini, kushoto. Moja iligonga sakafu. Sasa nikaelewa: tatizo ni kile kidude cha kulengea juu ya mtutu. Kiwandani wamekibandika upande. Kwa bahati nilikuwa na kinyundo mfukoni.

Taa nyekundu ikawaka. Taa ikiwaka, kila mtu huiacha silaha mezani, wazi, tupu, anarudi nyuma ya mstari, mikono mitupu, ili wenzake waende mbele kubadilisha karatasi. Hata mtoto wa hapa anajua: taa nyekundu, hugusi. Lakini mimi sikutaka kupiga risasi. Nilitaka kupiga nyundo! Kidogo tu, upande wa kulia. Nilipoishika ile bastola, uwanja mzima ulinyamaza. Garland alikuwa kule mbele ana karatasi yake mkononi. Akaganda hivyo hivyo, mgongo umenigeukia.

Mama Pruitt hakupaza sauti. Aliniambia niweke chini, niondoke, na nimshukuru Mungu kwamba ni yeye aliyeniona kwanza. Nikamwambia ilikuwa tupu. Akasema, "Kila aliyewahi kumpiga mwenzake aliniambia hivyohivyo."

Nilingoja garini nikila mbegu za alizeti na kutemea dirishani. Nadine alibaki ndani muda mrefu mno kwa mtu ambaye kitambaa chake kimeisha. Alipotoka alinuka baruti. Sikuuliza. Nilikuwa na hasira zangu za kushughulikia.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya. Bastola ndogo, kelele ndogo, mateke madogo. Hesabu rahisi. Nimemrudishia Mama Pruitt lile zinga, nikachukua kabastola kanakoingia mfuko wa shati. Alikuwa akitikisa kichwa tangu nilipoingia mpaka nilipotoka.

Uongo mtupu! Hako kadude kanauma kuliko lile kubwa. Kepesi, kwa hiyo teke lote linakuja mkononi. Kidole gumba kimevimba. Na risasi? Sitaki kuandika zilikokwenda. Chini, kushoto.

Nikameza kiburi, nikarudi kaunta kuomba bastola yangu ya kwanza. Angalau ile ilikuwa imezoea mkono wangu. Mama Pruitt akasema imeshauzwa. Nikamuuliza nani mpumbavu kanunua bastola iliyopinda. Akasema mambo ya mteja ni ya mteja.

Nyumbani nikamlalamikia Nadine. Alikuwa anakoroga mchuzi mweupe wa kulia mikate na kuimba tenzi. Akasema pole, mume wangu. Akaendelea kuimba.

Alhamisi, 13 Machi

Akili! Sijui kwa nini nilihangaika na maduka. Risasi zinakwenda chini kushoto, sivyo? Basi nilenge juu kulia! Ikivuta, itaangukia katikati yenyewe.

Mama Pruitt aliniruhusu kurudi baada ya kunisomesha sheria zote kwa sauti mbele ya watu, kama mtoto wa ubatizo. Nilizisoma. Kisha nikashika kale kabastola, nikalenga pembe ya juu kabisa ya karatasi, kulia, karibu na njia ya mpigaji jirani. Paa. Katikati! Paa. Katikati! Si katikati sana, lakini kifuani, na kifua ni kifua. Nilitaka Garland aone. Alikuwa chooni, bila shaka makusudi.

Nadine akaharibu yote. Tukiwa mezani, samaki bado wa moto, akaniambia taratibu kwamba ananitazama wiki ya pili sasa. Kwamba bastola haijapinda. Kwamba kabla mlio haujatoka mkono wangu tayari unausukuma mtutu chini. "Unaogopa mlio, Verlin," akasema. "Si aibu. Mimi nilikuwa naogopa pia. Mama Pruitt ana dawa yake, na haiumi."

Mimi! Naogopa! Niliyesimama mlango wa mashariki siku kimbunga kilipong'oa bango la kanisa! Nilimwambia Nadine kwamba anayeogopa hatengenezi mpango wa kulenga pembeni. Akasema ndiye hasa anayeutengeneza. Nikaondoka mezani. Mbwa kapewa samaki wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kalamu ikitoboa karatasi, na si kwa woga. Kwa hasira.

Kikosi kizima kilikuwepo, na mchungaji. Nilipangwa njia ya jirani na Garland, yeye upande wangu wa kulia. Vizuri, nikasema, aone. Raundi ya kwanza nikalenga pembeni kama nilivyopanga. Zote kifuani! Mchungaji akapiga makofi. Ndugu Leroy akaniita Kapteni. Garland mwenyewe akatikisa kichwa kwa mshangao. Dakika ile nilimsamehe kila mtu.

Raundi ya pili, Mama Pruitt alitujazia risasi yeye mwenyewe. Kila mtu, akasema, ndivyo anavyopima. Hakusema kwamba amechanganya za kweli na za bandia zisizo na baruti. Hujui ipi inakuja. Nikavuta triga. Klik. Kimya. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na teke, hakukuwa na kitu, na bado bastola yangu iliinama chini kushoto kama jogoo anayedonoa mahindi. Mbele ya macho ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mchungaji aliangalia viatu vyake.

Nikavuta tena. Klik. Ikainama tena. Nikasema moyoni, basi zote ni za bandia, mama huyu kanidhalilisha makusudi. Nikashika bastola kama ninavyoshika kikombe, bila kujali, nikiwa na uhakika ni tupu, na nikavuta.

Haikuwa tupu.

Mkono haukutikisika hata kidogo. Risasi ikaenda pale pale nilipolenga. Tatizo nilikuwa nimelenga juu kulia. Ikapita ukingo wa karatasi yangu ikakata kibanio cha karatasi ya Garland, na karatasi ya Garland ikaanguka sakafuni taratibu, ikipepea, huku mwenyewe anaiangalia.

Taa nyekundu. Mama Pruitt akaja, akaichukua bastola mkononi mwangu kama anamnyang'anya mtoto kisu. Mwenye kupiga njia ya jirani ameshindwa, hapo hapo, sheria haina mjadala. Halafu akaninong'oneza, "Verlin, mdogo wangu, hiyo ndiyo risasi safi kuliko zote ulizowahi kupiga humu ndani. Uliona ulivyotulia?"

Niliona nilivyofukuzwa.

Na bado sijamaliza. Mchungaji akasema kikosi kimebaki na pengo, na kuna mwombaji mmoja. Nani akajitokeza na miwani na vifunika masikio? Nadine. Mke wangu wa ndoa. Akatoa bastola kwenye mkoba. Naijua mikwaruzo yake. Ni ile yangu! Iliyopinda! Akapiga raundi mbili. Klik yake ilipokuja, mtutu haukusogea. Karatasi yake ilikuwa na tundu moja kubwa katikati, la kuingiza yai.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimuuliza garini nani ameinyoosha ile bastola. Alisema hakuna aliyeinyoosha. Uongo. Wameinyoosha. Tazama tu matokeo.

Jumapili, 16 Machi

Nadine amesimama mlango wa mashariki. Ana kifaa changu cha sikioni. Watoto wamemwita Kapteni, na yeye amewaitikia.

Mimi nimepewa fulana ya rangi ya machungwa na kibendera, niongoze magari maegeshoni. Upepo ulikuwa mkali, kofia ilinitoka mara nyingi. Garland alipita na gari lake akashusha kioo. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema hana kinyongo kuhusu kibanio, na kwamba mwaka wa kwanza hata yeye mkono ulimwinama, Mama Pruitt alimfanyisha mazoezi ya risasi za bandia mpaka akapona. Akanikaribisha Alhamisi, tufanye pamoja. Ningependa kuandika kwamba alisema kwa kejeli. Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Baada ya ibada Nadine aliniletea kahawa maegeshoni. Akanifunga zipu ya fulana kwa sababu ya upepo. Akasema mlango ule ni mpana, unatosha watu wawili, na mwezi ujao kuna kipimo kingine. Wiki chache tu za Alhamisi, akasema, na uache kununua vitu. Macho yake yalikuwa ya upole kabisa. Karibu nikubali. Nilishafungua mdomo.

Lakini nilikuwa nimefikiria asubuhi yote, peke yangu, na kibendera mkononi. Hebu angalia ushahidi. Risasi ya mwisho ilikwenda kulia. Wao wenyewe ni mashahidi, na Garland ana karatasi iliyoanguka. Maana yake ni moja tu: bastola ya kwanza ilivuta kushoto, hii ya sasa inavuta kulia. Nimeuziwa mbovu tena!

Kesho asubuhi naenda kwa Mama Pruitt kubadilisha. Safari hii sitaki bastola kabisa. Nataka bunduki ya marisau, yenye mtutu mrefu. Ile inatawanya chembe chumba kizima.

Haihitaji hata kulenga. Kila mtu anajua.