Unga wa Kula Keki Bila Hofu

Chapchap hakuingia zahanati kutibiwa. Aliingia kukaa chini ya feni, maana nje jua lilikuwa halina adabu, na benchi la wagonjwa wa kisukari ndilo pekee lililokuwa na nafasi. Hapo ndipo riziki ilipomkuta amekunja nne. Mzee mmoja alichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kimashine cha kupimia, namba ikaruka hadi kumi na nane. Mzee akaanza kutubu. Nesi akamtazama vidole.

"Baba, umeshika nini?"

"Keki kidogo tu, mwanangu. Nilikuwa naiaga."

"Sukari imebaki kidoleni, inachanganyika na damu. Kanawe kwa sabuni."

Mzee akanawa, akachomwa tena: nane. Benchi zima likacheka. Chapchap hakucheka. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyeokota pochi, akatoka nje bila hata kuishukuru feni.

Haikupita muda akawa Daktari wa Lishe, na koti jeupe alilolipata kwa kinyozi. Alisaga maganda ya karanga, akayatia kwenye vichupa, akayaita Unga wa Kufuta Sukari. Onyesho lake lilikuwa fupi na tamu. Mteja anashika keki iliyopakwa asali, anakula kipande, anapimwa: namba juu. Analamba kijiko cha unga, ananawa "maji ya kufungua mishipa" (ni maji ya bomba, ndugu msomaji, yaliyotiwa sabuni ya kufulia), anapimwa tena: namba chini. Makofi! Watu waliokatazwa mkate, wali na soda walinunua huku machozi yakiwalenga. Na tusiwaonee, hawakuwa wajinga. Walikuwa na hamu tu, na mtu mwenye hamu ya keki humpati kwa hoja.

Mteja wake kipenzi alikuwa mwalimu mmoja wa kike, mcheshi, aliyeishi na dada yake, fundi cherehani. Mwalimu huyu alikuwa ameuweza ugonjwa wake. Alikula mayai, samaki na mboga za majani, alimeza vidonge vyake vya hospitali, na mkate aliupita kama mtu asiyemjua. Unga wa Chapchap ulipoingia nyumbani, yeye na mkate wakarudiana, vidonge vikasahauliwa kabatini. Sasa alikuwa ameita majirani wote chumba cha cherehani waje kuona maajabu.

Dada mtu alimpokea Chapchap mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Karibu, daktari. Mdogo wangu siku hizi haoni vizuri ubaoni. Kizunguzungu hakimwachi, kiu haimwishi."

"Hiyo ni sukari inaaga, dada. Inafunga mizigo."

"Inafunga mizigo yake au ya mdogo wangu? Maana sina mwingine."

Macho yalikuwa yamemwiva fundi kwa kukosa usingizi. Chapchap alijisikia vibaya, kweli alijisikia vibaya, mpaka alipouona mkebe wa hela mezani.

"Leo tuanze na wewe mwenyewe," fundi akasema mbele ya watu. "Sisi vidole vimekwisha matundu."

Chumba kikashangilia. Chapchap akakubali kwa madaha, maana alikuwa mzima wa afya, na akataka kuanza na namba ya kujivunia. Akanawa vizuri. Fundi, kwa heshima zote, akampa taulo. Vidole vilinata kidogo, lakini vidole vyake vilikuwa vinanata tangu aanze biashara ya keki.

Namba ikatoka: ishirini na mbili.

"Mashine imeamka vibaya," akasema, huku anacheka peke yake. Akanawa tena, akasugua hadi viwikoni, akajifuta kwa taulo, akabadili kidole. Ishirini na sita.

Hapo kicheko kikamkauka. Baba yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu. Chapchap aliutazama mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayetakiwa kuchagua.

"Lamba unga wako, daktari," jirani mmoja, muuza nyama, akamshauri kwa upole.

"Unga gani? Hayo ni maganda ya karanga! Jamani nakufa hivi hivi naona!" Akamwaga yote: asali, kidole, sabuni ya kufulia. "Mama zangu, baba zangu, chukueni hela zenu, nisife na dhambi!"

Mkebe ulikuwa mtupu kabla hajamaliza kulia. Mwalimu alikuwa amesimama, kichupa mkononi.

"Maganda ya karanga?"

"Za kukaanga, mwalimu."

Fundi akaleta beseni. Akamnawisha Chapchap kama mtoto, akaukung'uta mkono hewani hadi ukakauka, akamchoma kidole. Tano.

"Huna ugonjwa," akasema. "Una asali. Niliona humpimi mtu kabla hajashika keki. Lile taulo nimelichovya kwenye maji ya asali tangu asubuhi."

Chapchap akaruka juu. "Umenitapeli! Mimi! Mbele za watu! Hivi wewe mama huna hata aibu?"

Watu walicheka hadi wengine wakashikilia cherehani. Akanyoosha mkono kuudai mkebe, akamwona muuza nyama amejaa mlangoni, akaurudisha mkono taratibu.

Mwalimu hakucheka. Alinawa kwa sabuni, akaketi, akampa dada yake kidole. Kumi na tisa.

"Dada, nisamehe," akasema. "Nilitaka tu kuishi kama watu wengine."

"Uishi kwanza, hayo mengine tutajua. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Lakini utie kitu tumboni." Akamkumbatia, futi ikawazunguka wote wawili.

Sahani ikaja, mayai mawili ya kuchemsha na mboga za majani zinazotoa moshi. Mwalimu akafuta machozi, akaisukuma keki yote ya onyesho, na asali yake, mbele ya Chapchap, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Kula wewe, daktari. Una afya."

Chapchap akaitazama keki. Akakitazama kidole chake. Akameza mate.

"Samahani, mwalimu," akasema kwa adabu. "Hilo yai la pili lina mwenyewe?"